Dodoma, Kolo na maziwa ya Singida: Ziara ya kikundi ya siku nne inavyokwenda

Ukiangalia ramani ya katikati ya Tanzania utaona barabara tatu za lami zinazofunga duara. Ya kwanza inatoka Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, kilomita 251. Ya pili inatoka Babati hadi Singida kupitia Katesh. Ya tatu inakurudisha Dodoma kupitia Manyoni na Bahi. Duara zima ni takriban kilomita 650.

Kwenye mzunguko huo kuna makao makuu ya nchi, eneo la urithi wa dunia, mlima wa volkano na maziwa matatu. Kikundi cha kazini, kwaya, wanafunzi au ukoo mzima kinaweza kuumaliza kwa siku nne.

Lakini ni rahisi pia kumaliza siku hizo nne ukiwa umeona kiti cha mbele yako tu. Kinacholeta tofauti ni vitu viwili: mwongozaji, na muda mnaokaa pale Kolo.

Siku ya kwanza: Jiji la Dodoma

Anayetoka Dar es Salaam siku hizi ana treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti 1, 2024. Safari ni takriban saa nne. Ukiondoka asubuhi, mchana uko mjini.

Mwongozaji mzuri ataanza na jina. Masimulizi ya Wagogo yanasema tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye matope, na mahali pale pakaitwa Idodomya, yaani alipozama. Baadaye Wajerumani wakapitisha reli, mji ukakua. Mwaka 1973 ukaamuliwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Vituo vya nusu siku ni Nyerere Square, Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, na eneo la Bunge. Kuingia Bungeni kunahitaji mpango wa mapema, kwa hiyo mwandaaji aandike barua kabla, na ninyi mvae mavazi ya heshima.

Angalizo: Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni. Kipindi hicho nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Kama hamna sababu ya kwenda wakati huo, subirini.

Jioni inafaa kwa mashamba ya zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziwezi. Ulizeni kabla kama shamba linapokea wageni, maana si yote yanapokea.

Siku ya pili: Kolo, moyo wa ziara

Ondokeni saa 12 asubuhi. Kolo iko takriban kilomita 180 kaskazini, mbele kidogo ya mji wa Kondoa. Mkifika mapema mnapanda kilima kabla jua halijawa kali.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150. Hamwezi kuona yote. Vikundi vingi huanzia ofisi ya Kolo, hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji wa hapo, kisha huenda kilima cha Mungumi.

Kutoka kijijini hadi chini ya kilima ni barabara ya vumbi. Coaster inaweza kushindwa, hasa mvua ikiwa imenyesha. Swali hili liulizwe kabla ya safari, si mkiwa mmekwama. Baada ya hapo ni kupanda kwa miguu, na njia ina mwinuko.

Juu ndipo mwongozaji anapolipia gharama yake. Bila yeye utaona madoa mekundu kwenye jiwe, upige picha, ushuke. Ukiwa naye, madoa yanakuwa twiga, tembo na watu warembamba wenye vichwa vikubwa.

Upo mchoro mmoja maarufu wa watu watano. Katikati ni mwanamke, na kila upande wanaume wawili. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, aliuona kama tukio la kumteka mwanamke: wawili wanavuta, wawili wanazuia. Wengine wanasema ni ngoma. Mwulize mwongozaji wako yeye anaonaje, halafu angalieni wenyewe.

Atawaonyesha pia kwamba michoro myekundu na myeupe si ya watu wamoja. Myekundu inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji, wanaofikiriwa kuwa na uhusiano na Wasandawe wa leo. Myeupe ni ya baadaye, na inahusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja nyuma yao.

Kwa nini Kolo inataka adabu

Mahali hapa hapajafa. Wenyeji bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya miamba, ya kuomba mvua na uponyaji. Kwa hiyo unaingia kwenye makumbusho na mahali pa ibada kwa wakati mmoja.

Sheria za kufuata ni chache:

- Usiguse michoro. Mafuta ya mkono yanaharibu rangi.
- Usiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Ni tabia ya zamani, na kila anayefanya hivyo anaifuta kidogo.
- Usiandike jina lako popote.
- Usichukue kitu ulichokikuta pangoni, hata kama unakiona ni kigae tu.
- Uliza kabla ya kumpiga picha mtu.

Jua, mvua na upepo vinaila michoro hii kila mwaka, na hakuna fundi wa kuichora upya. Kikundi cha watu 30 wakiegemea mwamba mmoja kwa dakika kumi kinaweza kufanya uharibifu ambao watoto wetu hawataweza kuurekebisha. Kama mko wengi, gawanyikeni. Nusu ipande, nusu isubiri chini.

Tengeni angalau saa tatu. Mwandaaji akikwambia Kolo ni "kusimama kidogo njiani", jua hajafika.

Lala Babati. Kutoka Kolo ni mwendo wa saa moja na ushee.

Siku ya tatu: Babati hadi Singida

Ziwa Babati liko pembeni mwa mji. Maji yake ni baridi, kuna wavuvi, na kuna viboko. Kupanda mtumbwi inawezekana, lakini mwende na mwenyeji anayejua viboko wanakokaa, na kila mtu avae boya. Hakuna boya? Bakini ufukweni, bado mtaona.

Kutoka hapo barabara inaelekea Katesh, chini ya Mlima Hanang, volkano iliyozimika yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ziara hii haiupandi, maana unahitaji siku yake.

Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani na kuua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Mnaweza kusimama, kula chakula na kununua kitu kwa wenyeji. Lakini wapo waliozika ndugu zao pale, kwa hiyo msiwageuze kuwa kivutio cha selfie.

Jioni mnaingia Singida, mji wa mawe makubwa, alizeti na kuku wa kienyeji.

Siku ya nne: Singidani, Kindai na kurudi

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Yote ni ya chumvi. Sababu ni rahisi: maji yanaingia lakini hayana mto wa kutokea. Yanaondoka kwa jua tu, na chumvi inabaki.

Maji hayo ndiyo huwaleta heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Ila hawana mkataba na mtu. Kina cha maji kikibadilika nao huhama, kwa hiyo asikuahidi mtu maelfu ya ndege. Alfajiri ndiyo saa nzuri.

Saa nne asubuhi anzeni kurudi. Baada ya Manyoni barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Bahi, na nchi inafunguka mbele yenu. Ile mbuga yenye majaruba ya mpunga ndiko unakoishia Mto Bubu, unaotoka upande wa Kondoa mlikokuwa siku ya pili. Nao haufiki baharini. Jioni mko Dodoma.

Kabla hujatuma hela

Ziara za vikundi siku hizi hutangazwa WhatsApp na Instagram, na malipo ni kwa simu. Usitume kitu kabla hujapata majibu ya maswali haya:

1. Kampuni imesajiliwa BRELA, na ina leseni ya biashara ya utalii, ile wengi wanayoiita TALA? Omba uone.
2. Namba ya kupokea malipo ina jina la kampuni au la mtu?
3. Bei inajumuisha nini? Kiingilio cha Kolo, mwongozaji, chakula, vyumba na gari la kupandia kilimani vitajwe kimoja kimoja.
4. Watu wakipungua, bei inapanda au safari inafutwa? Na hela inarudi lini?
5. Madereva ni wangapi? Hizi ni siku nne mfululizo barabarani.

Majibu yawe ya maandishi. Kiingilio cha serikali hulipwa kwa kontroo namba, na risiti hutoka, kwa hiyo mwandaaji hana sababu ya kukosa risiti. Beba kitambulisho cha NIDA, maana bei ya Mtanzania na ya mgeni si moja.

Wakati mzuri

Mvua za huku ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Kuanzia Julai hadi Oktoba njia ya Kolo ni kavu. Julai usiku kuna baridi na upepo, kwa hiyo beba sweta. Beba pia kofia, viatu vya kukamata jiwe na maji ya kutosha.

Na kama bajeti haitoshi siku nne, kateni maziwa, msikate saa za Kolo. Maziwa mtayakuta mkirudi mwaka mwingine. Michoro, kila mwaka inabaki kidogo zaidi ya jana.