Mpepeso: Mwanga Unapokataa Kutulia

Uhuishaji wa picha mnato ni kazi ya subira. Unasimamisha kikaragosi cha udongo, unakipiga picha, unakisogeza kidogo, unakipiga tena. Kwa kasi ya picha 12 kwa sekunde, dakika moja hudai picha 720. Ndivyo Moustapha Alassane wa Niger alivyovipiganisha vikaragosi vyake mieleka katika Kokoa (2001), na ndivyo Ng'endo Mukii wa Kenya alivyohuisha miili ya watu katika sehemu za Yellow Fever (2012). Lakini picha zikichezwa mfululizo, kinachomkera anayeanza huwa ni mwanga: ukuta wa nyuma unang'aa, unafifia, unang'aa tena, hadi mtazamaji asahau hadithi.

Mafundi wengi huiita kasoro hiyo flika. Mimi napendekeza mpepeso. Kumetameta hakufai, maana kinachometameta hupendeza, na mmweko tayari ni ule wa taa ya kamera. Kupepesa kuna haraka na kujirudia, tena jicho hupepesa bila mwenyewe kuamua. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, kwa kuwa mara nyingi kamera ndiyo inayojiamulia.

Simu iliyoachwa ijiendeshe hupima mwanga upya kwa kila picha. Kikaragosi cheusi kikisogea mbele ya lenzi, simu hudhani pana giza na kung'arisha kila kitu. Dawa ni kuinyima uamuzi: gusa skrini na ushikilie hadi mwanga na fokasi vifungwe, au utumie programu inayokuruhusu kupanga kila kitu kwa mkono, mizani ya rangi nyeupe ikiwemo. Huu ni mpepeso wa kamera, na ndio rahisi kuponya.

Mpepeso wa lenzi huwapata wenye kamera kubwa. Vibapa vya tundu la lenzi hufunguka na kujifunga kila unapopiga, wala havirudi mahali palepale kabisa. Fungua tundu hadi mwisho ili vibapa visijongee, au tafuta lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungushwa kwa mkono. Simu nyingi hazina vibapa hivyo, kwa hiyo hapa kijana mwenye simu amemshinda mwenye kamera ya bei kali.

Kazi nzito ni mpepeso wa taa. Fikiria chumba cha mabati kule Musanda, wadi ya eneo bunge la Mumias Magharibi katika Kaunti ya Kakamega. Asubuhi jua linapenya dirishani, alasiri mawingu ya mvua yanajikusanya, na picha zilizopigwa kati ya nyakati hizo haziwezi kulingana hata kamera ikifungwa vipi. Ziba dirisha kwa blanketi zito, kisha tegemea taa peke yake. Nayo taa ina yake. Umeme wa Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa hupanda na kushuka mara 100. Jicho halioni, ila shata ikifunguka kwa sehemu ya 500 ya sekunde, picha moja hunasa kilele na nyingine bonde. Iache wazi kwa sehemu ya 50 ya sekunde, au bora zaidi nusu sekunde, kamera ikiwa imara juu ya miguu mitatu. Kikaragosi hakikimbii, hivyo hakuna kitakachotia ukungu. Umeme ukiwa dhaifu, taa ya betri ni salama zaidi, mradi betri isiachwe ikapungua katikati ya tukio. Na vaa nguo nyeusi, usimame palepale kila unapopiga. Shati jeupe hurudisha mwanga juu ya seti bila wewe kujua.

Zipo programu za kulainisha mpepeso baadaye. Huponya ule mdogo tu. Kivuli kilichohama haziwezi kukirudisha.

Walimu mnaowaandaa wanafunzi kwa Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, wafundisheni majina haya matatu kabla ya kuwapa kamera: mpepeso wa kamera, wa lenzi na wa taa. Mwanafunzi akijua upi unaomsumbua, atajua pa kuanzia kuurekebisha.