Kilishio cha mbochi

Kilishio cha mbochi ni chombo kidogo kinachotundikwa bustanini ili kuwapa ndege wanywao maji matamu ya maua kinywaji kinachokaribiana nayo, ambacho kwa kawaida ni sukari nyeupe iliyoyeyushwa katika maji safi. Mbochi, ambao baadhi ya vitabu huuita nekta, ni utomvu mtamu unaotolewa na tezi zilizo ndani ya ua kwa ajili ya kuwavuta wadudu, popo na ndege, ambao wanapounywa hubeba chavua, yaani ungaunga wa uzazi wa mmea, kutoka ua moja hadi jingine. Vilishio huuzwa madukani katika nchi kadhaa, lakini hutengenezwa pia nyumbani kwa chupa, kifuniko, waya na kijiti. Katika bustani za Afrika ya Mashariki mnywaji mkuu wa chombo cha namna hii ni chozi, ndege mdogo wa familia ya Nectariniidae, na maumbile yake ndiyo yanayoamua kilishio kiwe na sura gani.

Historia

Matumizi ya vilishio yalikomaa kwanza katika Amerika ya Kaskazini, ambako wanywaji wa mbochi ni ndege wavumaji, wa familia ya Trochilidae, wasiopatikana popote nje ya mabara mawili ya Amerika. Mwaka 1947 jarida la National Geographic lilichapisha picha za ndege hao zilizopigwa na Harold Edgerton, mhandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, ambaye taa zake za mmweko wa kasi ziliweza kuonyesha mabawa yao yakiwa kama yamesimama hewani. Na kuanzia miaka ya 1950 vilishio vya kioo vilianza kuuzwa kwa umma nchini Marekani. Huko Afrika ya Kusini desturi hiyo imeenea katika bustani za mijini, ambako hulengwa chozi na jamaa yao wenye mkia mrefu wa jenasi ya Promerops, ambao huhusiana sana na maua ya protea.

Ndege wanaolengwa

Familia ya chozi ina spishi zipatazo 145, zilizoenea kuanzia Afrika hadi Asia ya Kusini na kaskazini mwa Australia. Wengi wao wana uzito wa kati ya gramu 5 na 15, mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini, na ulimi mrefu uliojikunja kama mrija na kugawanyika kwenye ncha. Dume wa spishi nyingi huwa na manyoya yanayometameta kama madini, hali jike akiwa na rangi ya kijivu au ya majani makavu. Miongoni mwa wanaoonekana mara kwa mara karibu na makazi ya watu ni chozi mwenye kifua chekundu (Chalcomitra senegalensis), chozi wa rangi ya shaba (Nectarinia kilimensis) wa nyanda za juu, na chozi mdogo wa kijani mwenye tumbo la manjano (Hedydipna collaris), ambaye huingia hata katika vichaka vya uani.

Chozi na ndege mvumaji hawana undugu wa karibu, ingawa wamefanana kwa kuwa wote wawili wanategemea chakula kimoja. Tofauti iliyo muhimu kwa mtengenezaji wa kilishio ni kwamba mvumaji hunywa huku akielea hewani, ilhali chozi, ijapokuwa anaweza kuelea kwa muda mfupi, hupendelea kutua juu ya tawi au shina la ua na kuinamisha mdomo. Kwa sababu hiyo kilishio kilichoigwa moja kwa moja kutoka Amerika, kisicho na pa kutua, humchosha chozi, na pengine humfanya akipite bila kukigusa.

Chozi pia ni ndege mwenye wivu wa chakula. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, Frank Gill na Larry Wolf walieleza jinsi chozi wa mabawa ya dhahabu (Drepanorhynchus reichenowi) nchini Kenya anavyolinda eneo lenye maua ya Leonotis nepetifolia, mmea ambao maua yake ya rangi ya chungwa hupangika katika vifundo vya mviringo shinani. Watafiti hao walionyesha kwamba ndege hulinda eneo pale tu ambapo nguvu anazookoa kwa kunywa katika maua yaliyojaa zinazidi nguvu anazopoteza kwa kuwafukuza wenzake. Kilishio kinacholeta sukari bila kukoma ni mali inayostahili kupiganiwa kwa hesabu hiyohiyo, na ndiyo maana dume mmoja huweza kukimiliki siku nzima. Dawa yake ni kutundika vilishio viwili au vitatu vidogo mahali pasipoonekana kwa pamoja, badala ya kimoja kikubwa.

Maji ya sukari

Kipimo kinachotumika zaidi ni sehemu moja ya sukari kwa sehemu nne za maji, ambacho hutoa kinywaji chenye sukari ya asilimia 17 hadi 20 hivi kwa uzito, kutegemea kama sukari imepimwa kwa kikombe au kwa mizani. Kiwango hicho kinakaribiana na utamu wa maua mengi yanayochavushwa na chozi. Sukari ya dukani ni sukrosi, ambayo ni sukari ileile iliyo nyingi katika mbochi wa maua hayo, na chozi ana kimeng'enya cha kuivunja tumboni. Kimeng'enya ni kemikali ya mwili inayoharakisha usagaji wa chakula. Baadhi ya ndege wengine, kama vile kwezi, hawana kimeng'enya hicho, na kwa hiyo maji ya sukrosi hayawafai.

Maji huchemshwa, sukari hukorogwa hadi iyeyuke yote, kisha mchanganyiko huachwa upoe kabisa kabla ya kumiminwa. Unaosalia huweza kuhifadhiwa katika jokofu kwa muda wa wiki moja. Asali haifai, kwa sababu ikichanganywa na maji huchachuka upesi na kuotesha kuvu. Sukari ya kahawia na sukari guru zina madini ya chuma mengi kuliko ndege mdogo anavyohitaji. Na vitamu bandia havina nguvu yoyote, hivyo humshibisha ndege kwa hewa. Soda na sharubati zilizobaki mezani nazo huepukwa. Rangi nyekundu haiongezwi kamwe katika maji, kwa kuwa wekundu unaohitajika ili kumvuta ndege unaweza kuwekwa kwenye chombo chenyewe.

Kwa kuwa chozi anaweza kunywa kwa siku moja mbochi wenye uzito unaokaribia au kuzidi uzito wa mwili wake, mililita 100 hutosha ndege kadhaa. Chupa ya nusu lita ikijazwa, sehemu kubwa ya sukari huharibika kabla ya kunywewa.

Utengenezaji

Kilishio chepesi kuliko vyote ni cha kopo na kifuniko. Huchukuliwa kopo la plastiki au chupa fupi ya jemu yenye mdomo mpana, na katika kifuniko chake hutobolewa matundu matatu au manne yenye upana wa milimita 3 hadi 4 kwa msumari uliopashwa moto, ukisukumwa kutoka upande wa juu. Kingo za tundu husuguliwa kwa msasa hadi ziwe laini zikiguswa kwa ncha ya kidole, kwa sababu ulimi wa chozi ni mwororo na hupita hapo mara mamia kwa siku. Kopo hujazwa hadi karibu na kifuniko, kwani maji yakishuka sana ulimi hauyafikii. Kijiti chembamba cha unene wa penseli hufungwa kwa waya kandokando ya kopo, sentimita 2 au 3 chini ya matundu, ili ndege atue na kuinama kama afanyavyo kwenye ua la mgomba. Kifuniko chekundu cha asili ndicho bora; kisipopatikana, utepe mwekundu hufungwa shingoni mwa kopo, na rangi ya kupaka ikitumika huwekwa upande wa nje tu, mbali na matundu, na huachwa ikauke kwa siku kadhaa hadi harufu iishe.

Aina ya pili ni chupa iliyopinduliwa, ambayo mdomo wake huzama katika kisahani au kifuniko chenye kina kidogo. Maji hayamwagiki yote kwa sababu ya kanieneo ya hewa, yaani msukumo wa hewa juu ya kila uso inaougusa: hewa inayokandamiza maji yaliyo kisahanini huyazuia yaliyo ndani ya chupa yasishuke. Ndege anapokunywa hadi mdomo wa chupa ukafunuka, povu moja la hewa huonekana likipanda ndani, na maji kiasi kilekile hushuka kujaza pengo. Ubaya wa aina hii huonekana jua linapoiwakia, kwa maana hewa iliyofungiwa juu ya maji hupata joto, hutanuka na kuyasukuma nje, hata kisahani kikafurika na kudondosha matone yanayowaita sisimizi. Tatizo hilo hupungua chupa ikiwa ndogo, ikiwa imejazwa, na ikiwa kivulini.

Mahali pa kutundika

Kilishio hutundikwa kwenye kivuli chepesi, katika kimo cha mita moja na nusu au zaidi, karibu na kichaka ambacho ndege anaweza kukikimbilia akimwona kipanga, lakini si karibu kiasi cha paka kujificha chini yake na kuruka. Dirisha la kioo ni hatari kwa sababu ndege huona ndani yake taswira ya miti. Inashauriwa kilishio kiwe umbali usiozidi mita moja kutoka kiooni, ambapo ndege anayeondoka hajapata kasi ya kumuumiza, au kiwe mbali zaidi ya mita 9. Mwanzoni hutundikwa jirani na maua ambayo chozi wamekwisha kuyazoea, na huweza kuchukua siku kadhaa kabla ndege wa kwanza hajakijaribu.

Wadudu na wageni wengine

Nyuki hawauoni wekundu vizuri, lakini huvutwa na harufu na matone, kwa hiyo kilishio kisichovuja na kisicho na sehemu za manjano huwa na nyuki na nyigu wachache. Sisimizi huzuiwa kwa handaki la maji: kifuniko cha chupa hutobolewa katikati, waya wa kutundikia hupitishwa, tundu huzibwa kwa gundi isiyopitisha maji, kisha kifuniko hujazwa maji matupu ili sisimizi ashindwe kuvuka. Mafuta au grisi havipakwi kwenye waya, kwa sababu vikigusa manyoya hushikamana nayo na ndege hushindwa kuyatengeneza. Kinengenenge, ndege wa kijani wenye duara jeupe kuzunguka jicho, na kwera nao hupenda maji matamu, na usiku popo walao matunda huweza kukimaliza kilishio, hivyo wengine hukiondoa jua linapotua na kukirudisha alfajiri.

Usafi

Ua hufunguka, hutoa mbochi kwa muda mfupi, hunyauka na kuacha nafasi kwa ua jingine, na kwa njia hiyo kila mdomo hukutana na kinywaji kipya. Chupa haina uwezo huo. Maji ya sukari yakikaa katika joto huchachuka na kuota ukungu, na ndege wengi wanaopokezana tundu moja huweza kuambukizana magonjwa, yakiwemo ya kuvu ya mdomo na ulimi. Katika miji ya joto kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam maji hubadilishwa kila siku, na katika nyanda za baridi kila baada ya siku mbili au tatu, hata kama hayajaguswa. Maji yenye ukungu wa maziwa, nyuzi au madoa meusi humwagwa mara moja.

Kila yanapobadilishwa, chombo huoshwa kwa maji ya moto na brashi nyembamba. Chupa isiyoingia brashi hutiwa konzi ya mchele mkavu na maji kidogo, hutikiswa hadi utando wa ndani ubanduke, kisha husuuzwa. Siki husaidia kuondoa utando sugu. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutumika ikiwa imezimuliwa sana, na chombo husuuzwa mara nyingi na kukaushwa kabla ya kutumika tena. Sabuni yenye manukato huacha ladha na haipendekezwi. Asiyeweza kudumisha ratiba hii hushauriwa asitundike kilishio kabisa, kwa kuwa chombo kichafu kina madhara zaidi kuliko kutokuwepo kwa chombo.

Mipaka na nafasi ya maua

Maji ya sukari hutoa nguvu tu, wala hayana protini, mafuta wala vitamini. Chozi hupata mahitaji hayo kwa kula buibui na wadudu wadogo, ambao ndio pia hulishwa makinda, na utando wa buibui hutumika kushikamanisha nyasi za kiota chake kinachoning'inia kama mfuko wenye mlango ubavuni. Bustani inayopuliziwa viuadudu mara kwa mara humnyima ndege chakula na vifaa vya ujenzi hata kama kilishio kimejaa. Aidha, chozi anayekunywa kwenye chupa habebi chavua, na kilishio kikiwekwa karibu na mimea inayomtegemea huweza kumwondoa kwenye kazi yake ya uchavushaji.

Kwa sababu hizo wataalamu huhesabu kilishio kuwa nyongeza ya bustani ya maua, hasa wakati wa kiangazi ambapo maua ni machache. Mishubiri, migomba, mbamba-ngoma wa jenasi ya Erythrina na mimea ya Leonotis, ikipandwa ili ichanue kwa kupokezana misimu, humpa chozi mbochi, buibui na pa kutua kwa pamoja. Na pale ambapo mimea hiyo imeshika, kilishio huondolewa taratibu, kwa kupunguza kiasi kinachojazwa siku hadi siku, ili ndege warejee mauani.