Masizi ya Injini na Dawa Zake

Kila kitu kinachokaa na moto hushika masizi. Sufuria hushika, kioo cha kandili hushika, na injini ya gari, ambayo si kitu ila jiko lililofungwa ndani ya chuma, nayo hushika. Lakini sufuria husuguliwa kila siku kwa majivu, ilhali tumbo la injini halionekani mpaka lifunguliwe kwa spana. Katika kutoonekana huko ndimo ilimozaliwa biashara ya dawa za kusafishia injini, za chupa na za makopo, zisizokosekana katika duka la vipuri. Nimeishi na magari zaidi ya miaka hamsini, na ningependa kumweleza msomaji dawa hizo zilikotoka, maana hadithi yake imepita hata katika mapafu ya watu wasiowahi kumiliki gari.

Tuanze na uchafu wenyewe. Petroli isiyoungua vizuri, pamoja na oili inayopenya kwenye ringi za pistoni, huacha ukoko mweusi juu ya pistoni, kwenye valvu na ndani ya silinda hedi. Zamani za barabara za udongo vumbi nalo liliingia na kuukaza ukoko huo kama saruji. Ukoko hula nafasi, mgandamizo ukazidi, na vipande vyake vinavyobaki vyekundu kama makaa huiwasha petroli kabla ya wakati. Hapo ndipo injini inapogonga mlimani na gari kuishiwa nguvu.

Tiba ya mwanzo ilikuwa mkono. Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na silinda hedi inayofunguka, na kitabu chake kilimwelekeza mwenye gari jinsi ya kumwaga maji, kufungua bolti na kukwangua kaboni kwa kisu butu au bisibisi, akiangalia punje zisianguke ndani ya silinda. Kazi hii ilirudiwa kila baada ya maili elfu chache, kama mtu anyoavyo ndevu.

Wasiotaka kufungua walitafuta dawa. Ya rahisi kuliko zote ilikuwa mafuta ya taa. Jioni, injini ikiwa bado na joto, plagi zilitolewa, vijiko viwili vitatu vikamiminwa katika kila silinda, na plagi zikarudishwa. Asubuhi gari liliwashwa kwa moshi wa kuogofya majirani. Wengine walitumia spiriti, asetoni au benzoli. Dawa hizi zililegeza utando laini, lakini ukoko mgumu haukuzijali. Tena ziliosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, ikawa lazima oili yote ibadilishwe. Katika gereji za Marekani za miaka ya 1910 walikuwapo hata waliotumia oksijeni: kaboni iliwashwa kwa kiberiti kupitia tundu la plagi, kisha oksijeni ikapulizwa kwa bomba jembamba mpaka ukoko ukateketea, huku cheche zikiruka nje kama za fataki.

Ndipo likaja jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari yote. Tarehe 9 Desemba 1921, huko Dayton, Ohio, Thomas Midgley na wenzake wa General Motors, chini ya Charles Kettering, waligundua kwamba kiasi kidogo sana cha tetraethili ya risasi hukomesha kugonga kwa injini. (Risasi ninayoitaja ni madini yale mazito ya kwenye betri.) Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton hiyohiyo kwa jina la Ethyl, na neno risasi likaachwa nje ya jina. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili; magazeti yakaiita gesi ya wehu. Uuzaji ulisimamishwa mwaka 1925, ukaruhusiwa tena mwaka 1926.

Sasa turudi kwenye masizi. Risasi ikiungua huacha oksidi, na oksidi hiyo ilichafua plagi na kuharibu valvu kuliko kaboni ilivyowahi kufanya. Dawa ya kuzuia kugonga ilikuwa imeleta uchafu wake. Wakemia wakaongeza dawa juu ya dawa, ethilini dibromidi: bromini yake huikamata risasi ndani ya moto na kuifanya mvuke, nayo hutoka na moshi kwenye ekzosi. Kwa maoni yangu hakuna dawa ya kusafishia injini iliyotumika kwa wingi kuliko hii, wala haikuwa na kopo dukani, kwa kuwa ilikuwa imo ndani ya petroli. Haja ya bromini ikawa kubwa hata mwaka 1934 kikafunguliwa kiwanda cha kuikamua kutoka maji ya bahari, katika pwani ya North Carolina. Injini zikasafishika, na uchafu wake ukamwagwa barabarani.

Mimi nilijifunza ufundi Tanga katika miaka ya 1970, wakati petroli yetu ilikuwa na risasi. Silinda hedi ikifunguliwa, fundi mkuu alitazama rangi kwanza. Nyeusi tii ilimwambia kabureta inamwaga petroli nyingi. Kijivu chepesi kilimwambia injini imetulia. “Kijivu hiki ndicho afya, wanangu,” alikuwa akisema. Sisi vijana tulikikwangua kijivu hicho kwa bisibisi butu na brashi ya waya, kisha tukapuliza vumbi kwa midomo, maana pampu ya upepo ilikuwa moja. Mikono tulinawa kwa petroli, na petroli ya kunawia tuliivuta kwa mpira kutoka tangini, kwa mdomo vilevile. Kijivu kile kilikuwa risasi kwa sehemu kubwa. Fundi mkuu alikuwa mtu mwangalifu, aliyeweza kumfukuza kijana kwa kuacha spana juu ya betri, lakini hakuna aliyekuja kumwambia.

Na wenye kujua walikuwapo. Mwaka 1965 Clair Patterson, mwanakemia wa miamba huko California, alichapisha hoja kwamba risasi katika miili ya watu wa zama za viwanda imezidi mno ile ya asili. Marekani ilianza kuipunguza katika petroli miaka ya 1970, na nadhani msukumo haukuwa huruma peke yake: magari ya mwaka 1975 yalikuja na kifaa cha kusafisha moshi, na risasi ilikiharibu. Walimaliza kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021.

Pembeni ya hayo ulikuwapo mkondo mwingine, wa sabuni. Tangu mwaka 1954 petroli yenye sabuni ya kabureta iliuzwa Marekani. Inafanya kazi kama sabuni ya kufulia: upande mmoja wa chembe hung'ang'ania uchafu, upande wa pili hushikana na petroli, uchafu ukachukuliwa. Baadaye zikaja sabuni nzito zaidi za kusafisha valvu, nazo nyingine zikaacha ukoko wao ndani ya silinda. Miaka ya 1980, wakati nozeli zilipochukua nafasi ya kabureta na vitundu vyake kuanza kuziba, zilitokea amini za polietha, zinazostahimili joto na kusafisha mpaka juu ya pistoni. Kuanzia mwaka 1995 sheria ya Marekani ilitaka petroli yote iwe na sabuni. Kopo zuri la leo lina amini hizo, na kazi yake huonekana polepole, tangi baada ya tangi. Ringi zilizokwisha halizifufui, hata muuzaji aape.

Lakini tangu mwaka 1996, Mitsubishi na Toyota walipoanza kuuza Japani magari yanayopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti tena mgongoni mwa valvu ya hewa. Sabuni iliyomo haina njia ya kuifikia, na mvuke wa oili huigandia bila kuoshwa. Wenye mitambo hupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Magari hayo yamejaa kwetu, na mafundi wetu wengi hufungua manifoldi, hupulizia valvu dawa ya kabureta, kisha hukwangua. Majuzi nilimkuta kijana ameinamia injini ya namna hiyo, pua yake ndani ya mvuke wa dawa, brashi ya waya mkononi. Nilimwuliza kama hana barakoa.

“Shikamoo, mzee,” akasema. “Ipo kabatini.”