Kimamba: Jumba Lisilo na Mrithi

Kimamba haina jumba la kulipia kiingilio. Ina stesheni ya Reli ya Kati, soko, kata mbili, A na B, na mashamba ya mkonge yaliyoizunguka tangu enzi za babu zetu. Anayetoka Morogoro kwa treni ya zamani huivuka tambarare ya Mkata kwanza, kisha huiona Kimamba, kisha Kilosa. Mtalii anayekwenda Mikumi kuangalia twiga hana habari nayo. Barabara yake iko kusini, na kitabu chake cha safari kimeandika wanyama, si watu waliokata mkonge.

Kule Uingereza, mtu akitaka kuiona historia ya shamba kubwa hukata tiketi. Majumba ya mashambani ya matajiri wa zamani yamekuwa matembezi ya Jumapili: familia hupita ukumbi kwa ukumbi, huangalia picha za mababu ukutani, hushuka jikoni kuona masufuria ya shaba, kisha hutoka kuzunguka bustani na kumalizia na chai. Harewood, huko Yorkshire, ni mojawapo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1759, bustani zake zikapangwa na Lancelot Brown, fundi maarufu kuliko wote wa kazi hiyo, na fedha zake zilitoka kwenye biashara ya sukari na utumwa visiwani Karibi. Kwa muda mrefu wageni walionyeshwa dari na viti, miwa ikaachwa nje ya maelezo. Mwaka 2020 shirika la National Trust, linalotunza mamia ya majengo ya namna hiyo, lilitoa ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Baadhi ya wanachama walikasirika. Walikuwa wamelipa kuona maua.

Sasa tuirudie Kimamba, ambako hali ni kinyume kabisa. Miwa yetu tunayo, yaani mkonge. Kinachokosekana ni jumba.

Lipo la kufanana nalo, lakini ni nyumba ya meneja. Nyumba hizi zina sura ya undugu kuanzia Korogwe na Muheza hadi huku Kilosa, kiasi kwamba aliyeiona moja anaweza kuzikisia nyingine. Sakafu huinuliwa juu ya msingi wa mawe. Baraza pana huizunguka nyumba ili jua lisifike ukutani. Madirisha yana wavu wa mbu, paa ni la bati au vigae, na jiko hujengwa kando ili moshi na harufu ya vitunguu visimfikie bwana mkubwa mezani. Mahali huchaguliwa kwenye mwinuko, upande ambao upepo hauleti harufu ya korona, yaani mtambo wa kukamua mkonge. Aliyewahi kusimama karibu na mtambo wa mkonge ukiwa kazini anajua kwa nini: jani likishakamuliwa, maji yake na makapi yake huchacha, na uvundo ule hauhitaji kuelezewa mara mbili.

Kuizunguka nyumba kulikuwa na bustani: mijakaranda, mikrismasi inayowaka nyekundu Desemba inapokaribia, bogenvilia langoni, na miembe njiani iliyopandwa kwa mstari kama askari wa gwaride. Bustani ya namna hiyo katika tambarare inayokauka miezi kadhaa kwa mwaka ina maana moja tu: kulikuwa na mtu anayechota maji. Aliitwa shamba boi hata akiwa na wajukuu.

Hapa ndipo tofauti na Harewood inapoanza, nami naiona kubwa kuliko tofauti ya mawe na mabati. Jumba la Kiingereza lilijengwa kwa ajili ya mtoto wa mtoto wa mwenye mali. Nyumba ya meneja ilijengwa kwa ajili ya mwajiriwa. Mara nyingi mwenye shamba aliishi kwingine, au alikuwa kampuni yenye ofisi ng'ambo. Meneja alikuja kwa mkataba, akala likizo yake Ulaya, akahamishwa au akastaafu, akaja mwingine. Hakuna aliyetundika picha ya babu yake katika nyumba atakayoiacha. Ndiyo maana leo huwezi kupata ukoo wa kukusimulia nyumba hizo. Hazikuwa za mtu.

Ardhi yenyewe, je? Hiyo ilikuwa na wenyewe. Kaskazini mwa Kimamba, upande wa barabara ya Dumila, kuna Msowero. Kila aliyekalia dawati la shule Tanzania analijua jina hilo, ingawa wengi hawajui kwamba ni mahali ambapo basi linasimama. Hapo ndipo tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alipotia saini na chifu Mangungo mkataba ulioandikwa kwa Kijerumani, uliosema kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote na haki zake zote. Peters alikusanya karatasi za namna hiyo Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami katika wiki chache, akarudi nazo Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akazitia nguvu kwa barua ya ulinzi.

Tumemfanya Mangungo kichekesho. Mbunge akitaka kuudharau mkataba wa madini au wa bandari, humtaja yeye. Mimi naona tumemwonea. Alipewa maandishi ya lugha asiyoijua na mtu aliyekuja na zawadi na maneno ya urafiki. Ni wangapi kati yetu tunaosoma masharti ya mkopo wa simu kabla ya kubonyeza kukubali? Kosa halikuwa lake peke yake. Mwaka 1895 Wajerumani hawakuhitaji tena saini ya chifu yeyote: walitangaza kwamba ardhi isiyo na mmiliki wanayemtambua wao ni mali ya dola. Waingereza nao wakaja na sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoruhusu hati za hadi miaka 99. Ukilifuata shamba la mkonge kutoka hati hadi hati, chini kabisa unaikuta karatasi ya Msowero.

Reli ndiyo iliyoipa ardhi hiyo bei. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Wagiriki waliokuja kama makandarasi wadogo wa ujenzi huo walibaki, na wengi wao wakageuka wakulima wakubwa katika mkoa huu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijaribu pamba kwa nguvu zote. Kampuni ya Heinrich Otto, wenye viwanda vya nguo Ujerumani, ilikuwa na shamba kubwa Kilosa. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakapita hapa yakifuata reli. Baada ya vita mali za Wajerumani zilipigwa mnada, wakanunua Waingereza, Wahindi na Wagiriki, na kidogo kidogo mkonge ukaipita pamba.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg: miche 1,000 ilipakiwa, 62 ikafika Pangani ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 nchi nzima ilijaa, hadi mwaka 1964 Tanganyika ilipotoa karibu tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, zaidi ya nchi nyingine yoyote duniani.

Ili kuielewa tani moja, mfuate mkataji. Anaingia shambani alfajiri, jua likiwa bado halijawa kali. Anakata majani ya chini, anaondoa mwiba mweusi wa ncha ambao ukimchoma mtu jichoni ndiyo basi tena, anayahesabu, anayafunga fungu kwa fungu na kuyapanga kando ya njia ya troli. Injini ndogo inavuta mabehewa hadi kwenye korona. Pale majani yanaingia yakiwa yamelala, ngoma zenye visu butu zinayaponda, maji yanayasafisha, na upande wa pili zinatoka nywele za kijani kibichi ambazo zikianikwa juani hugeuka rangi ya dhahabu. Kisha brashi, kisha marobota, kisha stesheni. Katika kila kilo mia za majani, singa ni kama kilo nne tu. Hizo 96 nyingine ni maji na makapi ambayo mtu alikwisha kuyakata, kuyabeba na kuyapanga.

Wenyeji wa Kilosa, Wasagara na Wakaguru, wenye mashamba yao ya mahindi milimani na bondeni, hawakuwa na hamu ya kazi hiyo kwa ujira ule. Kwa hiyo watu waliletwa. Walikuja Wabena, Wangoni, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, na wengine kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa wafanyakazi kama Silabu iliwaandikisha huko kwao na kuwasafirisha. Wakaitwa manamba. Kila mmoja alipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo kazi haikukamilika haikuwekewa alama. Walilala kambini: vyumba vya mstari, mlango mbele, dirisha dogo nyuma, jiko la pamoja. Kutoka kambini hadi kwa meneja palikuwa karibu kwa macho, ila mtu hakwenda kule bila kuitwa.

Adam Shafi alipoandika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyochapishwa mwaka 1978, alichukua jumba la mwenye shamba Unguja na kulisimulia kutoka upande wa wanaolitumikia. Mkonge wa bara haujapata riwaya yenye jina kubwa kiasi hicho. Pengine ni kwa sababu Mwinyi Fuad angalau alikuwapo nyumbani mwake, mtu wa kuchukiwa uso kwa uso. Ni vigumu kuandika chuki dhidi ya kampuni.

Kilichofuata kinajulikana, nitakipita haraka. Kamba za plastiki zikashusha bei kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Mameneja wapya wakaingia katika nyumba zilezile, kwenye baraza zilezile, na wao pia wakahamishwa. Mitambo ikachoka, vipuri vikakosa fedha za kigeni, magugu yakaingia mashambani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa takriban tani 20,000, na mashamba ya umma yakauzwa.

Ipo nyumba moja ya namna hii katika mkoa wa Morogoro iliyopata bahati nyingine. Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, lilikuwa shamba la mkonge lililokufa. Serikali ya Tanzania iliwapa ANC ya Afrika Kusini, na wakimbizi vijana waliotoroka baada ya mauaji ya Soweto ya 1976 wakaanza maisha katika majengo ya zamani ya shamba huku wakijenga shule yao. Waliipa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Watu kutoka Afrika Kusini huja kuzuru makaburi ya ndugu zao pale. Hakuna anayeuliza vigae vya meneja viliagizwa wapi.

Kimamba haikupata ANC. Ilipata manamba waliokataa kuondoka. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi kwao. Wengine walioa huku, wakazaa, wakalima vipande vya ardhi kando ya mkonge, na watoto wao wakasema Kiswahili cha kambini ambacho ndani yake utalisikia neno la Kiha likikaa na la Kisagara bila ugomvi. Hao ndio warithi wa shamba kwa maana halisi, ingawa hawana hati. Katika miaka ya 2010 serikali ilifuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa wilayani Kilosa ili ardhi igawiwe wananchi. Ugawaji huo haukuwa rahisi. Katika wilaya hii wakulima na wafugaji wamekwisha kuuana kwa ajili ya malisho na maji, Rudewa Mbuyuni ikiwa mfano mchungu zaidi, Desemba 2000.

Kwa hiyo, anayetaka kuizuru Kimamba kama wenzetu wanavyozuru majumba yao, ushauri wangu ni kwamba aanzie nyuma. Treni ya mwendokasi itamshusha Kilosa. Kutoka hapo bodaboda na magari madogo yapo. Asikimbilie nyumba za kwenye mwinuko. Nyingine zina wapangaji, nyingine zinatumika kama ofisi, na si adabu kuchungulia dirisha la mtu kwa kuwa tu lilikuwa la Mzungu. Aende kambini kwanza, apige hodi, amwambie mzee shikamoo, na aombe kuelekezwa ilipokuwa njia ya troli. Ataonyeshwa tuta lililonyooka kupita kiasi katikati ya mahindi. Akilifuata upande mmoja atafika ilipokuwa korona. Upande wa pili, stesheni. Njia ya kwa meneja haiko kwenye mstari huo. Inakatiza pembeni, chini ya miembe, na embe zake siku hizi huchumwa na yeyote anayepita.