Kasisi wa Burneston na Fainali ya Mwaka 1879



Wapendwa waamini, kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai, wapenzi wa michezo miongoni mwetu huketi mbele ya runinga kutazama tenisi ya Wimbledon, kule Uingereza. Ni wachache wajuao kwamba bingwa wa mashindano hayo mwaka 1879, na tena mwaka 1880, alikuwa kasisi wa kijijini, wa Kanisa la Anglikana, na kwamba hadi leo hakuna kasisi mwingine aliyewahi kulitwaa taji hilo. Juma hili napenda tuitazame fainali yake ya kwanza, kwa kuwa husimuliwa mara nyingi kwa namna ambayo mimi siridhiki nayo.

Mashindano yenyewe yalikuwa bado machanga. Klabu iliyoyaandaa iliundwa mwaka 1868, na haikuundwa kwa ajili ya tenisi bali kwa ajili ya kroketi, mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao ili ipite katika matao madogo ya chuma. Tenisi ya nyasi ilifuata baadaye, baada ya Meja Walter Clopton Wingfield kuisajili mwaka 1874 na kuanza kuuza wavu, raketi na mipira ndani ya sanduku moja. Mwaka 1877 klabu ikatangaza mashindano kwenye viwanja vyake vya barabara ya Worple, kiingilio gini 1, yaani shilingi 21 za wakati ule. Inasemekana haja kubwa ilikuwa fedha za kutengeneza chombo kizito cha kusawazishia nyasi kilichokokotwa na farasi mdogo. Wakajiandikisha wanaume 22, na watu wapatao 200 wakalipa shilingi moja moja kumwona Spencer Gore akishinda. (Gore mwenyewe hakuuthamini sana mchezo huo, alipenda kriketi.) Mwaka uliofuata alishindwa na Frank Hadow, mwenye shamba kutoka Ceylon aliyekuwa likizoni, ambaye aliinua mipira juu ya kichwa cha Gore kila alipousogelea wavu. Likizo ilipokwisha Hadow akarudi shambani, wala hakuja kulitetea taji lake. Kwa kanuni za siku zile, bingwa mtetezi alingoja tu mshindi wa wachezaji wengine wote; hivyo basi, mwaka 1879, aliyewashinda hao wengine angekuwa bingwa moja kwa moja.

Walijiandikisha 45. Mmoja wao aliitwa John Hartley, mwenye umri wa miaka 30, aliyesoma Oxford na kisha kukabidhiwa parokia ya Burneston katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa nchi. Mwingine alikuwa Vere St. Leger Goold, kijana wa miaka 25 kutoka ukoo wa kibwanyenye nchini Ireland, ambaye mwaka huo huo alikuwa ametwaa ubingwa wa kwanza wa Ireland mjini Dublin. Waungwana wa zama zile waliona haya kidogo kuonekana katika mashindano ya hadhara, naye akajiandikisha kwa jina la St. Leger peke yake.

Hartley hakutazamia kufika mbali, na hivyo hakutafuta wa kumshikia nafasi kanisani. Juma la kwanza likaisha naye bado hajashindwa, na Dominika ilikuwa inakuja. Husimuliwa kwamba alipanda gari moshi kurudi Burneston, safari ya zaidi ya kilomita 300, akaongoza ibada na kuhubiri, kisha akakaa na muumini aliyekuwa katika saa zake za mwisho. Jumatatu alfajiri akapanda farasi hadi kituo cha Thirsk, akashika gari moshi la London, akavuka jiji, akashika jingine la Wimbledon, akafika kiwanjani wakati mchezo wa nusu fainali unataka kuanza. Hakuwa amekula, na mpinzani wake, Parr, alianza kwa kumwelemea. Ndipo mvua ikanyesha. Mchezo ukasimamishwa, kasisi akapata chai na chakula kidogo, akarudi akashinda. Mapadre wenzangu mnaosafiri kati ya vigango mtaielewa chai hiyo. Nami najiuliza angefanyaje leo, maana tangu mwaka 1982 fainali ya wanaume huchezwa Dominika.

Fainali ilichezwa tarehe 15 Julai. Goold alikuwa mchezaji wa mashambulizi, mwenye kuvutia macho. Hartley alikuwa mvumilivu, aliyerudisha kila mpira hadi mwenzake akosee. Akashinda kwa seti tatu, 6–2, 6–4, 6–2.

Ingeishia hapo, nani angeikumbuka? Lakini mwezi wa Agosti 1907 mtumishi mmoja mjini Marseille, Ufaransa, alitilia shaka sanduku kubwa la wasafiri wawili waliotoka Monte Carlo. Ndani yake ulikutwa mwili wa mwanamke. Wasafiri hao walikuwa Vere Goold na mke wake Marie, Mfaransa aliyemwoa mwaka 1891. Walikuwa wameishi Montreal, kisha wakaendesha dobi mjini Liverpool, na mwishowe wakaenda kutafuta utajiri kwenye meza za kamari, wakijiita Sir na Lady ingawa cheo hicho hakikuwa chao. Mahakama ilimwona mke kuwa kinara, ikamhukumu kifo, adhabu iliyogeuzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Goold, aliyekuwa amejaribu kubeba lawama yote peke yake, alipelekwa kwenye Kisiwa cha Shetani, gereza la Wafaransa huko Guyana, akafa Septemba 1909, akiwa na umri wa miaka 55.

Basi wasimulizi wamepata hadithi yao: mtumishi wa Mungu dhidi ya muuaji, na wema ukashinda juu ya nyasi. Hapo ndipo nisiporidhika. Siku ile Goold hakuwa amemuua mtu yeyote. Walisimama pande mbili za wavu vijana wawili waliovaa nguo nyeupe, na hakuna mtazamaji ambaye angeweza kusema yupi ataishia wapi. Kati ya fainali na sanduku la Marseille ipo miaka 28: pombe, madeni, kamari, kuhamahama, cheo cha kujipachika. Kila hatua ingeweza kugeuzwa. Na kama ushindi ungekuwa cheti cha utakatifu, tungesemaje kuhusu mwaka 1881, ambapo William Renshaw alimshinda kasisi wetu 6–0, 6–1, 6–1 kwa muda usiofika dakika 40? Sijasikia mtu akidai kwamba Renshaw alikuwa mtakatifu kuliko Hartley.

Jambo lingine. Katika masimulizi hayo, mwanamke aliyeuawa hubaki kuwa mzigo wa sandukuni tu. Aliitwa Emma Levin. Alikuwa mjane, aliyekuwa amewafahamu akina Goold na kuwakopesha fedha, na alikwenda nyumbani kwao kwa miguu yake mwenyewe. Tunapofurahia ajabu ya kasisi na muuaji, yeye tunamkanyaga mara ya pili.

Hartley hakuonekana tena katika fainali za Wimbledon. Alibaki Burneston hadi mwaka 1919, na alifariki mwaka 1935 akiwa na umri wa miaka 86. Goold alipokuwa akifa kisiwani, mpinzani wake wa zamani alikuwa bado akihubiri katika kanisa lile lile alilolikimbilia Dominika ile ya Julai.

Katika Misa ya marehemu Jumatatu hii, baada ya majina mliyoyaleta ofisini, nitawataja pia Emma Levin na Vere Goold.