Ushahidi wa Neno Kutapika

Msomaji, yako maneno ambayo mtu mwenye adabu hayataji penye chakula. Kutapika ni moja la maneno hayo. Lakini historia haichagui shahidi kwa uzuri wa sura yake. Humsikiliza kila asemaye kweli. Basi na tulisikilize neno hili.

Warumi wa kale, waliosema Kilatini, waliliita tendo hili vomere. Kutokana na neno hilo walipata jingine, vomitorium. Watu wengi hudhani kuwa hicho kilikuwa chumba ambamo matajiri walijitapisha karamuni ili wapate kula tena. Sivyo. Vomitorium ilikuwa njia ya kupitia watu katika viwanja vya michezo, mfano wa kile kikubwa cha Roma kilichofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo. Macrobius, mwandishi wa karne ya 5, alieleza kuwa jina hilo lilitokana na watu walioingia kwa wingi wakamiminika vitini. Ilikuwa tamathali tu, kama sisi tusemavyo kuwa mla mali ya umma atatapika alichokula, wala hapana amwendeaye na beseni.

Sasa tazama ukoo wa neno. Wayunani walisema emein; Kisanskriti cha Bara Hindi kina vam; Walithuania husema vemti. Maneno hayo ni ndugu wa vomere, ingawa wenyewe walitengana maelfu ya miaka.

Ndivyo ilivyo kwetu pia. Mswahili hutapika, Mkamba husema kũtavĩka, na Mkikuyu gũtahĩka. Je, ni bahati tu? Lipime neno jingine: Mswahili hupanda mbegu, Mkamba huvanda, Mkikuyu huhanda. Palipo na p kwa wa kwanza pana v kwa wa pili na h kwa wa tatu. Kanuni ikirudi namna hiyo katika maneno mengi, hapana shaka lugha hizo zilizaliwa na mama mmoja.

Ukifika Lorugum, magharibi ya Lodwar, kanuni hiyo haikufai, kwa kuwa Kiturkana si Kibantu. Jamaa zake wako kwingine. Maji kwa Waturkana ni ngakipi. Kwa Wakaramojong wa Uganda ni ngakipi vile vile, na kwa Wateso ni akipi. Mpaka wa nchi umewatenga watu hao, lakini neno lingali linashuhudia undugu wao.

Elimu hii si ya kupumbazia wakati. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wamekaa pamoja wakimbizi wa mataifa mengi na lugha nyingi. Mwaka 2005 kipindupindu kiliingia humo. Mgonjwa wa maradhi hayo huhara na kutapika hata mwili ukakauka, na asipopewa upesi maji yenye chumvi na sukari aweza kufa kwa saa chache. Amwuguzaye hana budi kuelewa maneno mawili kinywani mwake: natapika, na maji.

Kwa hiyo, msomaji, chukua daftari lako. Waulize wenzako darasani maneno hayo mawili katika lugha za kwao, uyaandike safu kwa safu, kisha utafute ni yapi yaliyo ndugu.