Yaya, Deikea na Zamu za Kazi Bamburi

Neno yaya lilikuja pwani na bahari. Wareno walimwita mlezi wa watoto aia, Bara Hindi ikalichukua, na Waingereza waliotoka huko wakalileta Afrika Mashariki pamoja na familia zao. Kiswahili kilikuwa tayari na neno mlezi. Katika majumba ya waungwana wa Mombasa mlezi huyo mara nyingi alikuwa mjakazi, mtu asiyelipwa wala kuulizwa kama ataka kazi, na utumwa haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani hadi mwaka 1907. Kusini mwa Bamburi, upande wa Kisauni, wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS walikuwa wameanzisha makazi ya Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Watoto walioshushwa majahazini bila wazazi walilala mabwenini na kufuata ratiba ya misheni. Walilelewa na watu wasio wa ukoo wao, kwa kuwa ukoo ulikuwa umepotea njiani.

Bamburi yenyewe, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ilikuwa minazi, mihogo na mitumbwi ya wavuvi. Mama aliyekwenda shamba alimfunga mtoto mchanga mgongoni kwa mbeleko, na aliyeanza kutembea akabaki na nyanya au dada yake mkubwa, ambaye huenda alikuwa na miaka minane tu. Mtoto wa Kiislamu akifika umri wa miaka minne au mitano alipelekwa chuoni. Chuo kilikuwa cha kusomea Kurani, lakini kilimpa mama asubuhi nzima ya kufanya kazi, na haitakuwa kosa kukihesabu miongoni mwa vituo vya kwanza vya malezi ya mchana mwambao huu.

Mambo yalianza kugeuka na saruji. Kampuni ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba miamba ya matumbawe ya hapo hapo. Tanuri la saruji halizimwi jioni, hivyo kazi ikawa ya zamu, usiku na mchana. Hata hivyo watoto hawakuwa suala kubwa mwanzoni. Mishahara ya wakati wa ukoloni ilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume anayeishi peke yake. Mke na watoto walitarajiwa kubaki Rabai, Kaloleni, Taita au Ukambani, na kula walicholima. Kamati ya mishahara ya Waafrika, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka huo huo wa 1954, ilipendekeza mshahara unaotosha familia. Yaya wa siku hizo alipatikana zaidi katika nyumba za Wazungu na Wahindi, na alikuwa karibu mwanamke pekee katika kazi za nyumbani, ambazo nyingine zote, kuanzia kupika hadi kufua, zilifanywa na wanaume.

Hoteli ndizo zilizowaingiza akina mama wa Bamburi katika kazi zenye saa maalumu. Kuanzia miaka ya 1960 na hasa ya 1970, ufuo wa kaskazini ulijaa majengo ya makuti na mabwawa ya kuogelea, na mwaka 1980 daraja jipya la Nyali, linalounganisha ufuo huo na kisiwa cha Mombasa, likachukua nafasi ya lile la kuelea lililojengwa mwaka 1931. Watu wakamiminika mitaa ya Mtambo, Kiembeni na Utange kutafuta kodi nafuu. Mhudumu wa mkahawa aliingia alfajiri kwa kifungua kinywa, akapumzika mchana, kisha akarudi kwa chakula cha jioni. Hakuna kituo cha watoto kinachofuata saa za namna hiyo. Aliyehitajika ni mtu wa kulala nyumbani.

Lakini alale wapi? Nyumba ya Kiswahili ya kupanga ina ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, na ua wa pamoja nyuma. Familia nyingi zilikuwa na chumba kimoja. Mwenye vyumba viwili alimleta msichana kutoka kwao kijijini, binamu au mtoto wa jirani, ambaye hakuitwa mfanyakazi na hakulipwa kama mfanyakazi. Aliahidiwa cherehani au ada ya shule. Mpango huo ulidumu miaka mingi kwa sababu ulikuwa rahisi kwa kila mtu isipokuwa msichana mwenyewe. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, wengi wa umri wake walirudi darasani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ikakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 13 na kuwaruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu.

Wasio na chumba cha ziada walitegemea jirani, na hapo ndipo deikea ilipozaliwa. Haikuanza na kibao wala leseni. Mama mmoja mwenye watoto wake alikubali kukaa na wa mwenzake, kisha wa tatu, kisha wa kumi, na ukumbi ukatandikwa mikeka. Hali bado ni hiyo katika vichochoro vya Mtambo. Kabla jua halijapanda, mtoto huletwa na mfuko wake: chupa ya uji, kikombe, nepi au vitambaa, nguo ya kubadili na leso ya kujifunika akilala. Malipo ni ya siku, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 mengine hufika kwa simu. Asiyeletwa halipiwi. Kwa kibarua wa hoteli, anayeitwa kazini Desemba na kuambiwa akae nyumbani mwezi wa Mei mvua za masika zikishika, hilo lina uzito zaidi kuliko michoro ya kupamba ukuta wa kituo.

Mwenye watoto wawili wadogo hupiga hesabu nyingine. Deikea hutoza kwa kila kichwa, lakini mshahara wa yaya hauongezeki maradufu kwa mtoto wa pili. Wala mama hahitaji kuwabeba wote wawili alfajiri, mmoja mgongoni na mwingine akivutwa mkono. Dhidi ya hayo kuna kima cha chini cha mshahara. Agizo la mishahara la Kenya linamtaja yaya katika kundi moja na mfagizi, mtunza bustani, tarishi na mlinzi wa mchana. Kwa Mombasa kima hicho kilikuwa shilingi 13,572.90 kwa mwezi mwaka 2018, kikapanda hadi 15,201.65 mwaka 2022, na 16,113.75 mwaka 2024, bila posho ya nyumba. Mama anayelipwa kima hicho hicho hawezi kumlipa mwenzake kima hicho hicho. Ndiyo maana yaya wengi hulipwa pungufu ya agizo, na deikea ya ukumbini haiishiwi wateja.

Serikali ilichelewa kuingia, na ilipoingia ilianza na watoto wakubwa. Kabla yake Mombasa ilikuwa na jambo la kujivunia: katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said, akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, alianzisha chekechea za madrasa zilizochanganya dini na michezo ya kujifunza, na mpango huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti elimu ya chekechea na, kwa maneno yake yenyewe, vituo vya malezi ya watoto. Madarasa ya chekechea yalijengwa, lakini yanapokea watoto wa miaka minne na mitano. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu. Kati ya miezi mitatu na miaka minne, mzazi amebaki kujitafutia.

Utalii ulipoyumba, kama baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997 na maonyo ya usafiri ya mwaka 2014, yaya wengi walirudishwa makwao na mikeka ya deikea ikakunjwa. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, hoteli zilifungwa karibu zote kwa wakati mmoja. Kazi za ndani nchini Saudi Arabia na kwingineko Ghuba nazo zimekuwa zikiwachukua wanawake wa Kisauni, wakiwaacha watoto wao kwa nyanya.

Siku hizi mipango huchanganywa. Mkubwa huenda chekechea hadi adhuhuri, naye mdogo hubaki na yaya wa kurudi, yule anayefika asubuhi na kwenda kwake jioni. Yaya huyo mara nyingi ni mama pia. Kabla ya kubisha hodi kwa mwajiri, huwa ameshapita deikea ya mtaani kwake na kumwachia mwenyeji mtoto, chupa ya uji na leso.